Kori 16 za Seva au i3 ya Kawaida? Soma Hapa Kabla Hujatoa Laki Saba

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye steshenari maeneo ya Ipuli, hapa hapa Tabora, alinitumia meseji saa nne usiku:

"Shikamoo kaka. Kuna jamaa ana kompyuta mbili za mtumba, zote laki saba. Moja ni mashine ya seva, ina Xeon kori 16, RAM 32, likubwa kama sanduku la bibi harusi. Nyingine ni i3 kizazi cha kumi, RAM 8, SSD 256, kadogo tu. Anasema ile kubwa ni bahati haiji mara mbili. Hela ni ya kikundi, kesho nachukua. Unasemaje?"

Nikamjibu: "Marahaba mdogo wangu. Kesho usitoe hata mia. Nitumie namba kamili za prosesa, halafu ngoja nikuandikie."

Nilichomwandikia ndicho hiki. Kwa ruhusa yake nakiweka hapa, maana najua hayuko peke yake. Mashine hizi za seva zimejaa sasa hivi, na maneno ya muuzaji ni yale yale kuanzia Kariakoo mpaka hapa kwetu.

Kwanza nikiri. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge huu, na kwa hela ya kikundi vile vile. Kwa hiyo hapa siongei nadharia.

KWA NINI INAUZWA RAHISI?

Namba aliyonitumia ilikuwa Xeon E5-2670. Prosesa hii Intel waliitoa mwaka 2012, na ikiwa mpya ilikuwa zaidi ya dola 1,500. Prosesa peke yake hiyo, bila boksi wala kioo. Sasa mtu akikwambia unaipata pamoja na mashine yake nzima kwa laki saba, moyo lazima uruke.

Jiulize swali la kibiashara: mwenye nayo kaiachia kwa nini? Kampuni kubwa zenye vyumba vya seva hubadilisha mashine kila baada ya miaka kadhaa. Sababu mojawapo kubwa ni umeme: mashine mpya inafanya kazi ile ile kwa umeme mdogo zaidi. Za zamani zinauzwa kwa jumla, zinapakiwa, zinafika kwetu. Kama kampuni kubwa imeona bili haiwezekani, wewe unayenunua LUKU ya elfu tano tano una haki ya kusita.

Halafu hizo "kori 16" si kori 16. E5-2670 ina kori 8. Kila kori inajionesha kwenye Windows kama mbili, ndiyo maana muuzaji anasoma 16. Kwa hesabu hiyo hiyo, i3-10100 ya yule dada yenye kori 4 inajionesha kama 8. Ukilinganisha, linganisha kori kwa kori.

PAGAZI NA PEMBE

Sisi watu wa Tabora hili tunalielewa haraka, maana mji wetu umekua kwa kazi ya kubeba mizigo. Zamani za misafara, pagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka huku mpaka Bagamoyo.

Sasa chukulia una vitambaa na shanga, marobota mia moja. Ukiwa na wapagazi mia, kila mtu anabeba lake, mnaondoka. Ukiwa na wanne tu, umekwama. Hapo wingi wa watu ndio nguvu yako.

Lakini chukulia una pembe moja ya ndovu, na inatakiwa ifike leo. Pembe haikatwi vipande mia ili kila mtu abebe chake. Inabebwa na mtu mmoja, na ikiwa kubwa sana wanaining'iniza kwenye mti wakabeba wawili. Hata uajiri wapagazi mia, tisini na nane watatembea mikono mitupu. Hapo unachohitaji ni mmoja mwenye mbio.

Prosesa ndivyo ilivyo. Ya seva ni msafara wa watu wengi wanaotembea polepole. Ya kawaida ni watu wachache wenye mbio. E5-2670 ikijikaza sana inafika kasi ya GHz 3.3. i3-10100 ya mwaka 2020 inafika 4.3, na juu ya hapo kila pigo lake linafanya kazi nyingi zaidi. Zikipewa kazi moja moja, hiyo i3 inaipita Xeon karibu mara moja na nusu. Zikipewa kazi nyingi kwa mpigo, zinakaribiana.

Swali linakuja: steshenari ina marobota au ina pembe?

Mteja kaja na flashi, fungua Word, rekebisha jina, printi. Mwingine anataka picha za pasipoti. Mwanafunzi wa AMUCTA ana ripoti ya fildi, kurasa 60, inatakiwa saa hii. Kijana anajaza maombi ya mkopo wa HESLB, mwingine anaomba kazi kwenye mfumo wa ajira. Zote hizi ni pembe, ndugu yangu. Kazi moja, mteja mmoja, anakuangalia usoni.

Na ile kazi nzito ya mifumo ya serikali haifanyiki kwenye kompyuta yako. Ukimtolea mtu kontroo namba, kazi inafanywa na seva za serikali huko ziliko. Yako inafungua ukurasa tu. Seva unaitumia kila siku tayari, bila kuinunua.

POSHO: UMEME

Mwenye msafara alijua jambo moja: pagazi anakula kila siku, awe amebeba au amekaa. Kibaba chake cha nafaka kiko pale pale. Ukiajiri wengi kuliko mzigo, posho inakumaliza kabla hujafika.

Mashine yangu ya seva ilikuwa hivyo hivyo. Prosesa ile kiwango chake ni wati 115, i3 ni wati 65. Tofauti inaonekana hata pale mashine inapokaa tu ikisubiri mteja, kwa sababu ile kubwa ina feni nyingi, RAM nyingi, na inahitaji kadi ya picha ya pembeni. (E5 haina picha ndani yake, i3-10100 inayo.)

Tufanye hesabu ya duka. Tuseme ile kubwa inakula wati 80 zaidi ya ndogo, na unafungua saa 12 kwa siku. Hiyo ni karibu uniti moja kila siku. Siku 26 za kazi ni kama uniti 25. Kwa takribani shilingi 350 kwa uniti, unapoteza kama 8,750 kwa mwezi, sawa na 105,000 kwa mwaka. Ukitoa kopi kwa sh 100, hizo ni kopi 87 kila mwezi, na hapo sijatoa gharama ya karatasi na wino.

Usinisadiki mimi. Chukua risiti yako ya LUKU, gawanya hela uliyolipa kwa uniti ulizopata, upate bei yako halisi. Halafu weka namba zako mwenyewe.

HONGO ZA NJIANI

Msafara ulilipa hongo kwa kila mtemi uliyepita kwake. Bei ya kununua mzigo Ujiji haikuwa bei yake ukifika pwani. Mashine ya seva nayo ina hongo zake, na mimi nililipa zote.

Ya kwanza, UPS. Ile ndogo iliyokuwa inanipa robo saa na kompyuta yangu ya zamani ikawa inanipa dakika tatu. Umeme ukikatika, kazi ya mteja imeondoka nao.

Ya pili, RAM. Nyingi ya mashine hizi zinatumia RAM maalumu ya seva. Ikifa moja, ile ya kawaida aliyonayo fundi wa mtaani haiingiliani nayo.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza: pawa saplai. Iliungua mwezi wa saba, katikati ya msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo. Umbo lake lilikuwa la kampuni yenyewe, nikazunguka Tabora nzima sikupata inayofanana. Nikaagiza Dar, ikaja isiyo yenyewe, nikarudisha, nikasubiri tena. Wiki tatu. Nilijiona kama Livingstone pale Kwihara mwaka 1872, aliyekaa miezi mitano akingoja wapagazi watoke pwani. Yeye angalau hakuwa na kikundi kinachomdai.

Jumamosi ya marejesho nilienda kukopa kwa shemeji ili nilipe. Wateja wangu walikuwa kwa jirani, na wengine hawakurudi mpaka leo. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya ile "bahati".

JE, KUNA ANAYEIHITAJI?

Yupo, tena kwake ni mali nzuri. Angalia kama wewe ni mmoja wao:

Una studio ya video za harusi, unaweka kazi tatu usiku zijitengeneze mpaka asubuhi. Video inagawanyika vipande vipande, kila kori inabeba chake. Hayo ni marobota. Hakikisha tu programu yako inatumia kori zote.

Una SACCOS, AMCOS ya tumbaku au duka la dawa la jumla, watu kumi wanaingia kwenye mfumo mmoja kwa wakati mmoja, na mashine haizimwi. Hapo RAM ya seva inayojirekebisha makosa ina maana yake, kwa sababu tarakimu moja ikipinda kwenye akaunti ya mkulima ni ugomvi.

Una chumba cha mafunzo ambako mashine moja inahudumia vioo vingi vya wanafunzi.

Kama hauko hapo, wewe ni mtu wa pembe.

RAHISI NAYO INA MWISHO

Nisieleweke vibaya. Sisemi ununue chochote cha bei ya chini. Kuna mwenzetu alikimbia seva akaangukia Celeron ya kori mbili, RAM 4, diski ya zamani ya kuzunguka. Inawaka dakika nne, mteja keshaondoka. Huo nao ni mtego, upande wa pili.

Kwa steshenari ya kawaida leo, tafuta kori 4, RAM 8 au zaidi, na SSD. Hiyo SSD usiiache kabisa. Utaiona tofauti yake kila unapowasha. Kingine: Microsoft walimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel Core inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Xeon ile ya 2012 haimo, hata i5 ya kizazi cha 6 haimo. Kwa mtu anayeshika vitambulisho na nywila za wateja, hilo si dogo.

KABLA HUJALIPA, FANYA HAYA

1. Omba namba kamili ya prosesa. "Xeon" au "i3" peke yake ni jina la ukoo tu. Kuna Xeon ndogo za kori 4 na i3 za miaka kumi iliyopita.

2. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance. Soma "Cores" mwenyewe, usisomewe.

3. Nenda na flashi yenye kazi yako halisi: ile ripoti ndefu, zile picha. Zifungue kwenye mashine zote mbili huku ukitazama saa.

4. Muulize fundi wako, siyo muuzaji: pawa saplai na RAM ya hii zikifa leo, kesho nazipata hapa Tabora? Akisita, umepata jibu.

5. Piga hesabu ya mwaka mzima: bei, umeme, UPS na spea. Halafu ndiyo ulinganishe.

Yule dada alikwenda asubuhi na flashi yake. Ripoti ya kurasa 60 ilifunguka kwanza kwenye ile ndogo. Akamwuliza jamaa kuhusu pawa saplai ya ile kubwa, jamaa akasema "hiyo haifagi dada." Akacheka, akaomba apunguziwe, akapunguziwa elfu hamsini kwenye i3, na hela hiyo akaongezea RAM nyingine ya 8. Jumamosi alikuwa kwenye kikundi, marejesho mkononi.

Ujue mzigo wako kwanza, ndipo uajiri wapagazi.

Wewe dukani kwako unatumia mashine gani, na umeme inakula kiasi gani kwa mwezi? Tuandikie hapo chini. Na kama una mwenzio anayetaka kununua kompyuta mwezi huu, mtumie hii kabla hajatoa hela.