Kiangazi Kilichokataa Kukubali

Kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia, Nchelenge na Mununga, malaria hudumu mwaka mzima. Mvua zikinyesha, mbu Anopheles gambiae huzaliana vidimbwini. Kiangazi kikiingia, Anopheles funestus huendelea kuzaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani, nayo huko hayakosekani. Vyandarua vipo, nyumba zimepuliziwa dawa ukoko, na bado watoto wanaugua. Ukiuliza kwa nini, kila mtu ana jibu lake. Sayansi nayo huanzia hapo hapo, ila hailipokei jibu mpaka lipewe nafasi ya kushindwa.

Jibu mojawapo lilikuwa kwamba mbu wamekuwa sugu kwa pairethroidi, dawa zinazotiwa kwenye vyandarua. Hiyo ni nadharia tete, na uzuri wake ni kwamba inapimika. Mbu wapatao 20 au 25 huingizwa kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa kwa saa moja, kisha huhamishiwa mrija safi na kupewa maji ya sukari. Baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa. Wasipofika asilimia 90, usugu upo. Pembeni kuna mrija wenye karatasi isiyo na dawa. Wa humo nao wakifa zaidi ya asilimia 20, jaribio zima hutupwa, maana haijulikani tena kama kilichoua ni dawa au joto la chumba. Mrija huo wa ulinganisho ndio tunaousahau sana. Mtu anakunywa mitishamba, homa inashuka, anaisifu, wala haulizi homa ya jirani asiyekunywa iliishaje.

Mbu wa Nchelenge walionekana sugu kweli. Kati ya 2014 na 2016 Zambia ikapulizia dawa ya jamii nyingine, oganofosfeti, katika maeneo teule ya wilaya hiyo. Watafiti wa kituo cha magonjwa ya tropiki cha Ndola na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walikuwa wameshaanza kupima damu za watu majumbani tangu 2012. Takwimu hizo za awali ni mali: zisingekusanywa wakati ule, hakuna ambaye angezipata baadaye.

Kwenye maeneo yaliyopuliziwa, wenye vimelea walipungua kwa takriban asilimia 25 majira ya mvua. Kiangazi hawakupungua.

Mwenye kutafuta sifa angeitangaza ile robo na kunyamaza. Watafiti walichapisha yote mawili, na kwangu mimi kiangazi ndicho chenye thamani zaidi, kwa sababu kimezaa maswali mapya. Je, dawa inayopuliziwa kabla ya mvua huwa imeisha nguvu kiangazi kikifika? Ukutani wawekwe mbu hai, mwezi baada ya mwezi, ihesabiwe wangapi wanakufa. Je, funestus huuma hata nje ya nyumba? Wakamatwe ndani na nje, usiku mmoja. Au chanzo ni watu wanaobeba vimelea bila homa, wasiofika zahanati? Hao hawatajulikana mpaka wapimwe damu wakiwa wazima, nyumbani kwao.