Baba Safarini, Mama Zamu, na Baiskeli Mlangoni

Kina mama wenzetu mlioolewa na madereva wa watalii hapa Arusha mnaifahamu kalenda yetu. Haianzi Januari kama za wengine. Inaanza Juni, mvua za masika zikishakatika, baridi ya Mlima Meru inaposhuka hadi Ilboru na Sanawari, na magari ya safari yanapopangwa alfajiri mbele ya hoteli. Tangu hapo hadi Oktoba baba ni mtu wa Serengeti na Ngorongoro. Anarudi Jumanne jioni na begi la nguo zenye vumbi, analala, na Alhamisi asubuhi anaondoka na kundi jingine. Desemba hadi Februari ni hivyo hivyo. Aprili na Mei ndipo anapokuwa wetu, na ndipo fedha nazo zinapokuwa hazipo.

Nyumbani kwetu mambo yamezidi hapo, kwa kuwa mama ni muuguzi wa zamu. Ziko wiki ambazo sisi wawili tunaonana mlangoni tu, mmoja akivua viatu na mwingine akivaa. Ongeza watoto watatu, ng'ombe mmoja wa maziwa anayekatiwa majani kila siku, kwaya, na kikundi cha kanisa cha kutembelea wagonjwa kila Ijumaa. Katikati ya hayo yote ikaingia baiskeli.

Tueleze jinsi ilivyoingia. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani, mji wetu ulinyamaza. Tanzania ilikuwa imepokea wageni wapatao milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020 walishuka hadi kama 620,000. Kwa anayeishi Dar es Salaam hizo huenda ni tarakimu za gazetini, lakini kwetu zilikuwa unga, mafuta ya taa na ada ya shule. Baba alikaa nyumbani mwezi baada ya mwezi. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, alikubali kupimwa shinikizo la damu, jambo ambalo alikuwa amelikwepa kwa miaka. Kipimo kilisoma 152 juu na 96 chini. Tukarudia siku nyingine, na nyingine tena, kwani kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Kila mara kilivuka 140 kwa 90.

Hatukushangaa. Dereva wa watalii hukaa kitini saa kumi kwa siku, mgongo ukipigwa na makorongo, chakula chake ni kile cha boksi, soda haikosekani, na usiku hulala kidogo akiwaza kama gari litawaka asubuhi. Daktari alimpa dawa, akamwambia apunguze chumvi na autumie mwili. Nyuma ya banda la ng'ombe ilikuwapo Phoenix ya zamani iliyoachwa na babu. Fundi wa mtaani akaibadilisha tyubu, cheni na breki. Baba akaanza kwa kwenda sokoni Tengeru na kurudi, na baada ya miezi mitatu akawa anafika Kisongo na kwingineko na wenzake aliokutana nao njiani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yeye alizimaliza kwa siku mbili. Shinikizo likashuka polepole, na dawa akaendelea nazo kama alivyoagizwa. Hapa tunasisitiza, kwa sababu wanaume wengi wakijisikia vizuri huvitupa vidonge.

Kwa mke, huo ulikuwa wakati wa kushukuru, na tulishukuru.

Wageni waliporudi

Shida ilianza neema iliporudi. Wageni waliongezeka mwaka hadi mwaka, na mwaka 2024 nchi ilipokea zaidi ya milioni mbili. Kazi ikarudi, safari zikarudi, lakini baiskeli haikurudi nyuma ya banda. Badala yake ilikuja nyingine, ya mbio, nyembamba kama swala, ya mtumba, iliyonunuliwa kwa bakshishi za msimu mzima. Ikawekwa sebuleni ili isiibwe. Wapo wake wanaoita baiskeli ya namna hiyo nyumba ndogo, na wala hawatanii.

Agosti mwaka 2023 tulihesabu siku ambazo baba alilala nyumbani. Zilikuwa saba. Katika hizo saba, asubuhi nne alitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa nne, akala, akaoga, akalala hadi alasiri. Mtoto wetu wa mwisho aliyekuwa darasa la pili alikuja na daftari la hesabu mara mbili akakuta baba anakoroma. Mara ya tatu hakuja.

Mpendwa msomaji, mazungumzo ya nyumba nyingi huharibikia hapo. Mke husema, "Unaipenda baiskeli kuliko sisi." Mume hujibu, "Mlitaka nife na presha?" Wote wawili wana haki, na hakuna atakayemsikia mwenzake. Sisi tunaona swali la kujiuliza ni jingine kabisa: mapumziko ya nyumba hii ni ya nani? Baba akitoka safarini amechoka, na ni kweli. Lakini mama aliyetoka zamu ya usiku akakuta nguo zimelowekwa, yeye uchovu wake unaandikwa wapi? Mwili wake nao una shinikizo la damu la kupanda. Wodini tumewapokea wake wa miaka arobaini na mitano walioanguka jikoni, ambao hawakuwa wamepimwa tangu kujifungua mtoto wa mwisho.

Kwa hiyo hatukuomba baiskeli iuzwe. Tuliomba saa.

Tulichukua kalenda kubwa ya ukutani, ile inayotolewa na maduka mwisho wa mwaka, na kalamu za rangi. Safari za baba zikaandikwa bluu, zamu za mama nyekundu, shule na likizo za watoto kijani. Nafasi nyeupe zilizobaki zilikuwa chache kiasi cha kutia huruma, na tuliziangalia kwa muda bila mtu kusema. Kisha tukapatana. Baba akiwa nyumbani, asubuhi mbili kwa wiki ni za baiskeli. Kila saa anazotumia barabarani, mama anapata idadi hiyo hiyo, wiki hiyo hiyo, bila kuulizwa anazifanyia nini. Jumapili asubuhi ni ibada, ingawa wenzake hupenda kuendesha siku hiyo kwa kuwa barabara ni tupu. Na ripoti za shule baba atazisoma mwenyewe, akiwa macho.

Mara ya kwanza mama alipopewa saa zake tatu, alilala. Alifunga mlango saa nane mchana akaamka saa kumi na moja. Baba alipika makande, na maharage yalikuwa magumu kidogo, tukayala hivyo hivyo. Siku hizi mama hupanda na wenzake wawili njia ya Ilboru kwa miguu, wakiongea tangu chini hadi juu. Hayo nayo ni mazoezi.

Mshindi aliyerudi kwao

Katika michezo ya kulipwa swali hili ni kubwa zaidi, na mfano tunaoupenda unatoka Eritrea. Tarehe 27 Machi 2022 kijana Biniam Girmay wa Asmara alishinda mbio za Gent-Wevelgem kule Ubelgiji, jambo ambalo Mwafrika mweusi hakuwahi kulifanya. Wiki iliyofuata kulikuwa na mashindano makubwa zaidi huko huko, na dunia nzima ya baiskeli ilitaka abaki. Yeye akapanda ndege kwenda nyumbani. Alikuwa hajamwona mkewe na binti yao mchanga kwa miezi mitatu. Wapo waliosema amepoteza bahati. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa fulana ya kijani hadi mwisho.

Barabara yetu pia inawajua watu wa safari ndefu. Tangu mwaka 2003 msafara wa Tour d'Afrique umekuwa ukitoka Cairo hadi Cape Town, mwendo wa miezi kama minne, na kituo kimojawapo cha mapumziko kimekuwa Arusha baada ya kuvuka mpaka wa Namanga. Wengine hushindana, wengine hutembea tu. Wengi wao si wanamichezo wa kulipwa. Ni watu wenye kazi na nyumba walioomba ruhusa. Tukiwaona, sisi kina mama hujiuliza nani amebaki na watoto.

Kwetu mashindano yalikuwa madogo, ya ridhaa, kilomita 60 kwenye barabara ya mchepuo, ile ya kilomita 42 inayopita kusini mwa mji. Mwaka wa kwanza baba alifanya mazoezi miezi minne. Siku tano kabla, kampuni ikampigia simu: dereva mwenzake ameugua, kuna safari ya siku tisa, inaanza siku ile ile ya mbio. Ilikuwa Novemba, na ada ya mtoto wa kwanza ilikuwa haijatimia. Hakuna aliyemlazimisha. Alikaa barazani mpaka giza likaingia, kisha akaingia ndani akachukua kalamu ya bluu. Hatukumwambia neno la kumfariji, kwa sababu tulijua ilivyomuuma. Usiku ule tulimpikia loshoro, naye alikula.

Mwaka uliofuata alishiriki. Walianza 57, naye akawa wa 39, kwa saa mbili na dakika ishirini na kitu. Watoto walimpelekea maji karibu na Kisongo, na yule wa mwisho alikimbia kando yake hatua kama thelathini akipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Neno la muuguzi

Hofu ya mke si upweke tu. Kati ya Sakina na Mnara wa Saa vifodi husimama bila ishara, na bodaboda hutokea upande wowote. Mwezi Agosti 2022 Sule Kangangi wa Kenya, mpanda baiskeli mashuhuri wa miaka 33, alifariki baada ya kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, akaacha mke na watoto. Ikiwa bwana huyo, mwenye ujuzi wote ule, aliweza kuanguka, basi wetu asitoke bila kofia ngumu, taa ya nyuma na fulana inayong'aa. Kabla ya kutumia fedha kwa gia mpya, nunueni kofia.

Mwanamume au mwanamke aliyevuka miaka 40 apimwe kwanza shinikizo na sukari. Maumivu ya kifua yanayokuja wakati wa kupanda mlima na kutulia akisimama si uchovu. Ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Asubuhi ndizi mbili na uji vinatosha. Kwa safari ndefu tieni chumvi kidogo na sukari katika maji yake. Asichote maji ya vijito anavyovuka huko Maji ya Chai na Ngarenanyuki, kwani baadhi yana madini mengi ya floridi. Watoto ndio huumia zaidi, meno yao hubadilika rangi kabla hayajaota vizuri, basi chupa ya baba isirudishwe nyumbani na maji ya namna hiyo.

Tulipozungumza haya katika kikundi chetu, mama mmoja aliuliza afanye nini, maana mumewe hataki hata kuketi mbele ya kalenda. Yeye hana baiskeli, ana mpira na marafiki. Tulimshauri aanze peke yake: aandike saa zake zote za kazi kwa kalamu nyekundu, za mshahara na za nyumbani, mwezi mzima, aitundike karibu na meza ya chakula, asiseme neno. Wiki ya tatu mumewe aliuliza hizo nyekundu ni nini. Alipoambiwa, akauliza tena mbona nyeupe hazipo. Jumamosi iliyofuata alibaki na watoto hadi saa tisa, kisha akaenda mpirani.