Je, Wajua? Picha ya Chai Karibu na Industrial Area

Mchai ni mti. Usipopogolewa hurefuka kupita nyumba ya kawaida; upogoaji na uchumaji ndio huuweka usawa wa kiuno, na kwa hiyo anayepigwa picha akiwa kati ya mistari huonekana vizuri uso na mabega. Mkazi wa Industrial Area, Nairobi, hana haja ya kufika mashamba ya chai ya Kericho kupata picha hiyo. Limuru, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya Nairobi, ndiko chai ilikopandwa kwanza nchini, mwaka 1903. Omba ruhusa, usimame njiani: vichipukizi unavyovunja ni ujira wa mchumaji anayelipwa kwa kilo. Jua la utosini hutia macho kivuli, na majani huakisi ukijani kidevuni. Nenda asubuhi.