Uhuru, mfungwa wa Dunia

Kwa treni ya SGR, Dar hadi Morogoro ni mwendo wa chini ya saa mbili. Hujachoka kukaa, stesheni ya Ngerengere hiyo. Setilaiti iitwayo Uhuru ingeumaliza mwendo huo kwa sekunde 26 hivi.

Waitaliano waliirusha kwa roketi ya Marekani tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na jina likatoka hapo. Ilizunguka kilomita 500 na ushei juu yetu, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani. Njia yake iliambaa ikweta, kwa hiyo haikupita utosini mwa Ngerengere. Ilikatiza upande wa kaskazini, ikimaliza mzunguko mmoja wa Dunia kwa dakika 96.

Wengi hudhani huko juu mvutano wa Dunia umekwisha. Thubutu! Unabaki kama asilimia 85 ya huu unaoangusha maembe. Uhuru ilikuwa inaanguka muda wote, ila ilikwenda mbele kilomita 7.6 kwa sekunde, hivyo kila iliposhuka, Dunia nayo ilikuwa imejipinda chini yake.

Kasi hiyo haipangwi na uzito wa chombo. Uhuru ilikuwa na kilo 140 hivi. Weka gunia la mahindi mahali pake, kasi ni ileile. Mwenye kupanga ni sayari: tungamo lake, na umbali wako kutoka kitovu chake. Tungamo la Mwezi ni sehemu 1 tu kati ya 81 ya la Dunia. Chombo kinachouzunguka kwa kuambaa uso wake kingetumia dakika 2 kwa safari ya Dar hadi Moro. Mshtarii, au Jupita, ina tungamo mara 318 ya Dunia. Huko sekunde 5 hazitimii, na ukizembea unazama mawinguni.

Umbali nao si wa kudharau. Uranus ina tungamo mara 14 na zaidi ya Dunia, lakini imetanuka mno. Juu ya mawingu yake ungejiona mwepesi kidogo kuliko ukiwa stesheni ya Ngerengere.

Uhuru yenyewe haikuwahi kuwa huru. Hewa nyembamba ya huko juu iliisugua kidogo kidogo, ikazidi kushuka, na Aprili 1979 Dunia ikaichukua.