Mkia wa kiluwiluwi



Mvua ikikatika, inama kwenye dimbwi uwatazame viluwiluwi. Huota kwanza miguu ya nyuma, kisha ya mbele. Mkia haukatiki, kama tulivyodhani utotoni. Mwili huufyonza taratibu. Siku hizo kinywa kilichozoea kukwangua mwani kinageuka kiwe cha kunasa wadudu, hivyo hali kitu. Anaishi kwa mkia wake. Matamvua nayo yanatoweka, anavuta hewa kwa mapafu; asipopata jiwe la kupandia aweza kuzama katika maji yaleyale alimozaliwa.

Yule ndugu aliyeacha pombe tangu Kwaresima yuko hapo. Kilabuni wanamcheka, nasi jumuiyani bado tunamnusa. Jumamosi mkienda kusali, mpitieni nyumbani.