Sayansi ya Lugha na Mipaka Yake

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara iwapo sayansi imethibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Naam, ushahidi upo, nao ni mzito. Tangu Wilhelm Bleek alipolitumia jina "Bantu" katika kitabu chake cha mwaka 1862, wanaisimu wamelinganisha sauti na sarufi za lugha hizi. Neno "mtu" ni "mũndũ" kwa Kikuyu, "omuntu" kwa Kiganda na "umuntu" kwa Kizulu. Ni kweli kwamba sita, saba na tisa tulizikopa kutoka Kiarabu. Hata hivyo, mkopo haukuvunja mfumo wa ngeli: "kitabu" chenyewe ni neno la Kiarabu, lakini wingi wake twasema "vitabu".

Hitimisho hilo ni la kisayansi kwa sababu laweza kupingwa. Atakayeleta ushahidi bora zaidi hana budi kusikizwa. Kwa hivyo, mwalimu asilifundishe kama amri, bali aonyeshe njia iliyotufikisha hapo.

Lakini wakiniuliza Mswahili ni nani, isimu haina jawabu. Asili ya lugha si asili ya damu ya wasemaji wake, wala sarufi haiwezi kuamua nani mwenyeji wa Lamu au Mombasa na nani mgeni. Hayo ni masuala ya haki na utu. Anayeyatafutia hukumu katika orodha ya maneno anaitwika sayansi mzigo usio wake. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana wetu kuipambanua mipaka hiyo.