Sha'Carri, bangi na neno "kupona"

Namkubali sana Sha'Carri Richardson. Nasema mapema ili msomaji asidhani nimekuja kumponda. Ninachotaka kueleza ni kwa nini namkubali, maana kwenye magheto yetu ya Gongoni jina lake limeanza kutumika ndivyo sivyo. Ukigusia madhara ya bangi tu, mtu anakurukia: "Mbona yule dada wa Marekani alivuta na bado akawa bingwa wa dunia? Wenzetu wanaitumia kama dawa." Hoja hiyo ina ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu zaidi wanachuo.

Nini kilitokea?

Juni 19, 2021, kwenye mchujo wa Olimpiki mjini Eugene, jimbo la Oregon, Sha'Carri alishinda mita 100 kwa sekunde 10.86. Alikuwa na miaka 21, mdogo kuliko mimi ninayeandika. Vipimo vikaonyesha THC, kemikali ya bangi inayolewesha. Matokeo yake yakafutwa, akafungiwa mwezi mmoja, na mbio zake za mita 100 Tokyo zikaishia hapo.

Julai 2, habari ilipotangazwa, alikaa mbele ya kamera za NBC akajieleza mwenyewe. Mama yake mzazi alikuwa amefariki siku chache kabla ya mbio, na taarifa ya msiba ule aliipata kwa mwandishi wa habari, wakati wa mahojiano. Hakusema kuna mtu alimtilia kitu kwenye kinywaji. Alisema sheria aliijua, uamuzi ulikuwa wake, na kwamba alikuwa anajaribu kuficha maumivu. Kumbuka hilo neno: kuficha. Wanaomtaja huku mtaani wanasema "kujitibu". Yeye hakusema hivyo.

Kwani Oregon si ruksa?

Ni kweli, kule mtu mzima anaruhusiwa kuvuta. Ila sheria ya nchi na sheria ya michezo ni vitu viwili. Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Michezoni, WADA, linakataza bangi wakati wa mashindano tu, na kipindi hicho huhesabiwa kuanzia saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Tatizo ni kwamba THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, hivyo mtu anaweza kuvuta leo na mkojo ukamuumbua siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana mwaka 2013 WADA walipandisha kiwango kinachomtia mchezaji hatiani kutoka nanogramu 15 hadi 150 kwa mililita ya mkojo. Mwaka 2018 wakaitoa kabisa CBD, kemikali nyingine ya bangi ambayo haileweshi, kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Baada ya kisa cha Sha'Carri walipitia upya suala la THC, wakaamua ibaki.

Wapo wanaoona sheria hiyo imepitwa na wakati, na hoja zao zina uzito. Ligi ya kikapu ya NBA iliacha kupima bangi kwenye mkataba wake wa 2023. Lakini kwa mchezaji wa huku kwetu kanuni bado ni ileile: kilichomo mwilini mwako ni mzigo wako, hata kama ulipewa na daktari. Muulize Ferdinand Omanyala wa Kenya. Mwaka 2017 alifungiwa miezi 14 kwa dawa iitwayo betamethasone, aliyoeleza kuwa alipewa alipokwenda kutibiwa mgongo. Naye hakujificha. Alieleza, akatumikia adhabu, na Septemba 2021 akakimbia sekunde 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika.

Je, bangi inaponya?

Swali hili si geni Tabora. Jina lenyewe, bangi, limetoka India kupitia bahari, likapanda bara na misafara. Richard Burton, aliyefika Kazeh Novemba 1857, aliwaandika wavutaji wa bangi aliowaona njiani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, kama kilo 32, kutoka huku hadi pwani. Mtu wa kazi ile alijua maumivu ya bega ni nini, na sishangai kama alitafuta kitu cha kuyasahaulisha.

Sayansi ya leo inajibu kwa tahadhari. Ripoti kubwa ya Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani ya mwaka 2017 ilipitia maelfu ya tafiti. Ushahidi mzito ilioupata ni wa mambo matatu: maumivu sugu kwa watu wazima, kichefuchefu cha tiba ya saratani, na kukakamaa kwa misuli kwa wagonjwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu yaitwayo multiple sclerosis. Ripoti hiyohiyo ilikuta uhusiano mkubwa kati ya utumiaji wa bangi na kupata ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia, hasa kwa anayetumia sana. Huzuni ya msiba haikuwemo kwenye yale matatu. Na msuba unaouzwa kwenye karatasi mtaani hauna dozi, hauna daktari, na kwa sheria yetu ya 2015 unaweza kukufikisha gerezani kabla hujamaliza shahada.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, sasa yule dada tumuige au tusimuige?" Nikamjibu tumuige mdomo wake, siyo mapafu yake. Darasa likacheka, lakini jibu hilo ninaliamini mpaka leo.

Angalia kilichofuata baada ya adhabu. Agosti 2021 alirudi Eugene akamaliza wa mwisho. Mwaka 2022, kwenye mita 100 za mashindano ya taifa lake, hakuvuka hata raundi ya kwanza. Ushindi wa Budapest, sekunde 10.65, ulikuja Agosti 2023. Miaka miwili. Kama kuna kupona hapo, kulipatikana taratibu, kwa mazoezi na watu waliobaki naye alipokuwa anashindwa.

Sisi je? Mwanachuo anafiwa na mzazi, anapanda basi, anazika, matanga yanaisha siku ya tatu. Jumatatu yuko kwenye testi. Akiwa wa kiume ndiyo kabisa: "Jikaze, wewe mwanaume." Hakuna anayemuuliza tena. Wiki mbili baadaye tunaona macho mekundu, tunasema kaharibika. Bangi hapo ni sehemu tu ya tatizo. Sehemu kubwa ni kwamba hakuwa na mahali pa kusema.

Kwa hiyo, ukiwa na mwenzako wa gheto aliyefiwa, usimwache na "pole" moja. Kaa naye, msindikize kwa mshauri wa wanafunzi, mwombee mwalimu wa somo amsogezee testi. Akiwa tayari anavuta, usimtangaze wala usimshangilie. Muulize anaficha nini, kisha umsikilize.